Blantyre Badala ya Lilongwe: Kurekebisha Saa ya Kompyuta ya Linux

Katika orodha ya miji ambayo kompyuta ya Linux humpa mtumiaji ili achague saa za mahali alipo, Lilongwe haimo. Mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, au mwenye duka la kuchapisha nyaraka kule Nsungwi, Area 25 ya Lilongwe, anaweza kuipekua orodha hiyo kuanzia Abidjan hadi mwisho asiuone mji mkuu wa Malawi, akaishia kuchagua Nairobi au Dar es Salaam kwa kuwa ndiyo majina anayoyafahamu. Na tangu hapo kompyuta yake huwa mbele kwa dakika 60 kamili. Jina linalotakiwa ni Africa/Blantyre. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na Linux ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, ikaendelezwa kwa miaka mingi na Paul Eggert, na tangu 2011 imehifadhiwa na IANA, taasisi inayoratibu anwani na majina ya intaneti. Kanuni yake ni kuutambulisha kila ukanda kwa jina la mji wenye watu wengi zaidi, hata kama serikali inakaa kwingine, kwa sababu serikali huhama na nchi hubadili majina na mipaka, ilhali miji mikubwa hudumu. Lilongwe ilifanywa makao makuu mwaka 1975, na katika sensa ya 2018 ilikuwa imekwisha kuipita Blantyre kwa idadi ya wakazi, lakini jina lililokwisha kuingia ndani ya programu zisizohesabika halibadilishwi kwa sababu hiyo tu.

Ndani ya hifadhidata yenyewe, Blantyre ni lakabu ya Maputo, kama zilivyo Lubumbashi, Bujumbura, Kigali, Lusaka na Harare, kwa kuwa miji hiyo yote hufuata majira yale yale. Hivyo mtu aliyeondoka Uvira, Bukavu, Bujumbura au Kigali, akafika Dzaleka baada ya kuvuka mipaka kadhaa, amefika mahali ambapo saa yake ya mkononi inasema kweli ile ile iliyosema nyumbani. Ni wale waliopitia Tanzania tu ndio walioongeza saa moja njiani kisha wakaipunguza walipoingia Malawi. Kompyuta iliyotayarishwa Goma au Lubumbashi haihitaji kuguswa. Iliyotayarishwa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi inahitaji, na vivyo hivyo iliyotayarishwa Kinshasa, kwa maana magharibi ya Kongo hufuata majira yaliyo nyuma ya mashariki yake kwa saa moja.

Kosa la kuchagua Nairobi ni dogo. Linaloleta madhara ni hatua inayofuata, ambayo watu wengi huichukua bila kuitilia shaka: mtumiaji anapoona kompyuta iko mbele, huacha habari ya mji, akairudisha saa nyuma kwa mkono mpaka ilingane na ya simu yake. Kioo kinaonyesha saa sahihi, na yeye huamini kwamba kazi imekwisha, kumbe sasa ndipo kompyuta imeingizwa katika uongo. Kompyuta ya Linux haitunzi saa ya Malawi wala ya Kenya. Hutunza hesabu moja tu, ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya kimataifa, ambayo kifupi chake ni UTC, na hesabu hiyo hutakiwa kuwa sawa katika kompyuta zote duniani kwa wakati mmoja, ziwe Dowa, Muscat au Toronto. Ukanda wa saa ni kanuni ya kuigeuza hesabu hiyo iwe saa na tarehe za kusomwa na mwanadamu: kwa Malawi huongezwa saa mbili, kwa Tanzania tatu. Aliyechagua mji usio wake amekosea kanuni ya kusomea peke yake, na hesabu iliyo chini imebaki salama. Aliyeirudisha saa kwa mkono ameiharibu hesabu yenyewe.

Tofauti hiyo huonekana mara moja katika matumizi ya intaneti. Kila tovuti yenye ulinzi hujitambulisha kwa kivinjari kwa cheti cha usalama, yaani hati ya kidijitali inayoeleza tovuti ni ya nani, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Vyeti vingi vinavyotolewa bure na Let's Encrypt, kwa mfano, hudumu siku 90 tu. Kivinjari hulinganisha siku hizo na UTC iliyomo ndani ya kompyuta, na kikiona cheti hakijaanza au kimekwisha, hukataa kufungua ukurasa. Tarakimu sita za siri ambazo programu za simu huzitoa kwa ajili ya kuingilia barua pepe hutokana pia na UTC, nazo kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo kompyuta au simu iliyosogezwa nyuma kwa saa nzima hutoa tarakimu zilizokwisha kupitwa na wakati. Kompyuta iliyo Dowa lakini imeandikwa Nairobi hufungua tovuti zote na kukubaliwa kila mahali. Iliyorekebishwa kwa mkono ndiyo inayoweza kukataliwa, na mwenyewe hulaumu mtandao, akanunua bando jingine.

Mambo haya yana uzito wa pekee Dzaleka. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, nayo leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi na Rwanda. Tangu 2010 Wajesuiti wamekuwa wakitoa humo masomo ya elimu ya juu kwa njia ya intaneti, na diploma za mwanzo zilitolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Vijana wa kambini nao walianzisha TakenoLab, mahali pa kujifunzia uandishi wa programu. Kompyuta zinazofika huko aghalabu zimekwisha kutumika miaka mingi kwingineko, na Linux huwekwa ndani yake kwa sababu ni ya bure na huenda vizuri katika mashine ambayo Windows mpya imeishinda. Mashine kuukuu, umeme unaokatika na intaneti ya kupimiwa kwa bando ni mambo matatu ambayo, yakikutana, huivuruga saa kuliko mahali pengine popote. Kijana ambaye jibu la mtihani wake limekataliwa kwa sababu ya saa amepoteza kitu ambacho katika maisha ya kambi hakipatikani tena kwa urahisi, kwa hiyo ujuzi wa kuirekebisha unastahili kuwa mikononi mwa kila mtumiaji, wala si wa fundi peke yake.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kupima kosa lenyewe, kwa sababu ukubwa wake huonyesha chanzo chake. Kompyuta iliyo mbele kwa saa moja kamili imeandikwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Iliyo nyuma kwa saa moja imeandikwa Kinshasa au Lagos. Iliyo nyuma kwa saa mbili haijapewa ukanda wowote, nayo inaonyesha UTC tupu, hali ambayo ni ya kawaida baada ya Linux kuwekwa upya na mtu aliyeruka swali la mji. Iliyo mbele kwa saa mbili, tena baada ya kuwashwa katika Windows tu, ina ugomvi kati ya mifumo endeshi miwili, utakaoelezwa hapa chini. Tofauti ya saa sita kamili hutokana na mtu aliyeiandika saa kwa Kiswahili: kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayehesabu tangu mapambazuko ni saa tatu asubuhi, lakini kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo hutakiwa kuandikiwa 09:00, na aliyeandika 03:00 ameirudisha usiku. Dakika chache za kupotea au kuzidi, zisizo na mpango, ni uchovu wa kawaida wa saa isiyopata mtandao. Na kompyuta inayoamka kila asubuhi ikidai kwamba ni mwaka 2009 inaeleza waziwazi kwamba betri yake ndogo imekufa.

Ili kuiona hali yote kwa pamoja, hufunguliwa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ikaandikwa:

timedatectl

Jibu lake lina mistari michache, na kila mmoja una neno lake. Wa kwanza ni saa ya mahali, wa pili ni UTC, na wa tatu, ulioandikwa RTC, ni saa ya kifaa, yaani ile inayoendeshwa na betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Unaofuata hutaja ukanda uliochaguliwa, na chini yake kompyuta hueleza kama imelinganishwa na saa za mtandaoni au la. Mstari wa pili ndio wa kutazamwa kwanza. UTC ikiwa sahihi, yaani ikiwa nyuma ya saa ya simu ya Malawi kwa saa mbili kamili, basi kilichoharibika ni ukanda peke yake, na amri moja yatosha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Blantyre

Neno sudo mwanzoni humaanisha kwamba amri inatolewa kwa mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo kompyuta huuliza neno la siri, na katika mifumo mingi ya Linux, wakati linapoandikwa, hakuna herufi wala nyota inayoonekana kwenye kioo, jambo ambalo huwatia wengi wasiwasi bure. Baada ya amri hiyo kompyuta haina haja ya kuzimwa. Kilichotendeka ni kidogo mno: faili linaloitwa /etc/localtime, ambalo ni kidole tu kinachoonyesha faili jingine, limeelekezwa kwenye kanuni ya Blantyre badala ya iliyokuwapo.

UTC yenyewe ikiwa na kosa, ukanda hutengenezwa kwanza kama ilivyoelezwa, kisha kompyuta huachiwa mtandao uisahihishe kwa amri hii:

sudo timedatectl set-ntp true

NTP ni utaratibu ambao kompyuta hutumia kuulizana saa, uliobuniwa na David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, na kuandikwa rasmi mwaka 1985. Kompyuta hutuma ujumbe mdogo kwa seva yenye saa ya kuaminika, hupokea jibu, hupima muda ambao ujumbe umechukua kwenda na kurudi, kisha hutoa muda wa safari katika hesabu, na kwa njia hiyo hata mtandao wa polepole huweza kuleta saa iliyo sahihi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ujumbe wenyewe ni wa baiti 48 tu bila bahasha zake, kwa hiyo hauli bando. Jambo la heri ni kwamba NTP ya kawaida haitegemei vyeti vya usalama, na ndiyo maana kompyuta iliyoamka katika mwaka 2009 huweza kujiponya hata pale ambapo kivinjari kimekataa kila tovuti.

Mtandao usipokuwapo, saa hutolewa kwenye simu, ambayo kwa kawaida huipata kutoka kwa kampuni ya simu, au kwenye redio inapotangaza saa kamili. Kwa kuwa kompyuta hukataa kuandikiwa saa wakati NTP ikiwa kazini, NTP huzimwa kwanza kwa kuandika false mahali pa true, kisha saa huandikwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde:

sudo timedatectl set-time "2026-03-14 09:30:00"

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapopaswa kukumbuka zile saa sita. Saa iliyoandikwa hivi husomwa kwa ukanda uliokwisha kuchaguliwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuutengeneza ukanda kabla ya saa. Anayefuata mpangilio wa kinyume hulazimika kuanza upya. Intaneti itakaporudi, NTP irudishwe kazini, la sivyo saa itaendelea kuteleza.

Kuteleza huko kuna sababu ya kimaumbile. Saa ya kifaa huendeshwa na kipande kidogo cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa kuwa ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja kamili, kazi ambayo sakiti rahisi huiweza. Kioo hicho kikikosea sehemu 20 katika milioni, kiasi cha kawaida kwa vifaa vya bei nafuu, saa hupotea au kuzidi kwa karibu sekunde moja na robo tatu kila siku, sawa na takriban dakika kumi kwa mwaka, na joto la chumba chenye paa la bati huongeza kosa. Betri inayokilisha huitwa CR2032, na jina lake lina vipimo vyake: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Katika kompyuta ya mezani hukaa wazi juu ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Katika laptopu nyingi imefungwa ndani ya plastiki nyeusi yenye nyaya mbili nyembamba na plagi ndogo. Mpya ikipimwa huonyesha volti tatu au zaidi kidogo, na ikishuka kufikia karibu 2.5 haitegemeki tena. Umeme uchomolewe, na betri kubwa ya laptopu itolewe au itenganishwe, kabla ya kugusa chochote ndani. Betri kuukuu isiachwe mezani: mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili, kwa hiyo hufungwa kwa utepe pande zote mbili na kuwekwa mbali.

Baada ya betri mpya kuwekwa na UTC kusahihishwa, saa ya mfumo hunakiliwa katika saa ya kifaa kwa amri hii:

sudo hwclock --systohc

Palipo na Windows na Linux katika mashine moja, hapo ndipo ule ugomvi wa saa mbili unapozuka. Linux huandika UTC katika saa ya kifaa, na Windows huandika humo saa ya mahali. Ikiwa ni saa 10:00 Malawi, Windows huacha 10:00 katika kifaa. Linux inapowashwa huidhania ni UTC, huongeza saa mbili, ikaonyesha 12:00. NTP inapoisahihisha na Linux ikaacha 08:00 katika kifaa, Windows nayo huamka ikiwa nyuma. Hakuna mwenye kosa kati yao, lakini mmoja hana budi kumfuata mwenzake. Njia iliyo bora ni kuielekeza Windows isome UTC, kwa kuongeza katika rejista yake thamani iitwayo RealTimeIsUniversal yenye namba 1. Anayeogopa kuigusa rejista anaweza kuilazimisha Linux ifuate Windows kwa timedatectl set-local-rtc 1, ingawa Linux yenyewe hutoa onyo kwamba mpango huo hauungwi mkono kikamilifu, na mahali pasipobadili majira kama Malawi madhara yake ni machache kuliko Ulaya.

Nchi hubadili majira yao, na kompyuta isiyosasishwa haina habari. Sudan Kusini ilihama kutoka majira ya Nairobi kwenda ya Afrika ya Kati, ambayo ndiyo ya Malawi, tarehe 1 Februari 2021, na Sudan ilikuwa imefanya hivyo tarehe 1 Novemba 2017. Mtu wa Dzaleka mwenye ndugu Juba, anayetumia mashine yenye hifadhidata ya kabla ya hapo, bado huonyeshwa pengo la saa moja ambalo halipo tena. Hifadhidata hiyo huja katika pakiti iitwayo tzdata, na katika Ubuntu au Debian hufanywa mpya pamoja na programu nyingine kwa njia ya kawaida ya kusasisha. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, jambo linalomgusa moja kwa moja mwanafunzi mwenye kazi inayofungwa 23:59 kwa saa za Denver: wakati wa baridi huko muda huo ni saa mbili na dakika 59 asubuhi ya siku inayofuata Malawi, lakini wakati wa kiangazi ni saa moja na dakika 59, na aliyezoea ule wa kwanza hujikuta amechelewa kwa saa nzima. Kuisogeza saa ya kompyuta ili ifanane na ya Denver kunarudisha madhara yote yaliyotajwa juu. Linux huonyesha saa ya mji mwingine bila kubadili chochote, kwa kuandika:

TZ=America/Denver date

Katika chumba chenye kompyuta nyingi, ambapo intaneti hupatikana kwa muda mfupi kwa siku au haipatikani kabisa, mashine moja yenye betri nzima hufanywa chanzo cha saa cha nyingine zote kwa programu iitwayo chrony. Katika faili lake la mipangilio huongezwa mstari wa kuruhusu mashine za chumbani ziulize, kwa mfano allow 192.168.1.0/24 kulingana na anwani zinazotumika hapo, na mstari wa local stratum 10, unaoiruhusu kutoa saa hata ikiwa yenyewe haijapata mtandao. Namba hiyo 10 huwaeleza wanaouliza kwamba chanzo hiki ni cha daraja la chini, wakifuate tu pasipokuwa na kilicho bora. Katika kila mashine nyingine yenye chrony huandikwa neno server likifuatwa na anwani ya ile ya kwanza, kisha iburst, ili ulinganisho wa mwanzo ufanyike kwa haraka. Mashine zinazoweza kuamka zikiwa na mwaka usio wao huongezewa makestep 1 3, inayoruhusu saa kurukishwa mara moja katika masahihisho matatu ya kwanza badala ya kuvutwa polepole. Amri ya chronyc sources ikitolewa baadaye, chanzo kinachofuatwa hutanguliwa na alama ya kofia na nyota. Alama ya kuuliza ikionekana mahali pa nyota, kinachochunguzwa kwanza ni waya wa mtandao na anwani iliyoandikwa, kisha ukuta wa kinga wa mashine ya kwanza, ambao unapaswa kuruhusu mlango wa UDP wenye namba 123.